Achari ya ndimu: isubiriwe muda gani kabla ya kuliwa au kuuzwa?

Msikilizaji wetu mmoja wa Vitongoji, Wilaya ya Chake Chake, alituletea swali ambalo wengi wamekuwa wakiliuliza kwa namna mbalimbali. Yeye ni mama anayetengeneza achari nyumbani na kuipeleka kwa jirani na kwenye maduka ya njia ya Wawi. Safari hii alipata ndimu nyingi kwa pamoja, akazikata, akazitia chumvi na pilipili, akajaza chupa 24. Siku ya kumi akaanza kuuza. Wiki haikwisha, chupa tano zikarudi. Wateja walisema achari ni chungu na ganda ni gumu kama ngozi ya kiatu.

Alikuwa karibu kuzimwaga zote. Mkwewe akamwambia azifunike, aziweke chini ya kitanda, asiziguse mpaka mwezi na nusu upite. Alipozifungua, ganda lilikuwa limelainika, maji yamekuwa mazito, na uchungu umebaki kidogo tu, ule unaotakiwa. Zikauzika zote. Swali lake likawa hili: mtu atajuaje achari imefika? Na je, kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi kuwa nzuri, au kuna siku inaanza kurudi nyuma?

Jibu fupi ni kwamba achari ya ndimu iliyotiwa chumvi ikiwa mbichi huhitaji wiki nne hadi sita kabla ya kuliwa, hufikia utamu wake kati ya mwezi wa pili na wa sita, na baada ya hapo huanza kupungua taratibu. Lakini si kila achari ni ya ndimu, na si kila ndimu ni sawa. Makala haya yanaeleza kinachotokea ndani ya chupa, ili uweze kuamua mwenyewe bila kutegemea kalenda peke yake.

Nini kinatokea ndani ya chupa

Ukikata ndimu na kuitia chumvi, jambo la kwanza ni maji kutoka. Chumvi huvuta maji yaliyo ndani ya nyama na ganda la ndimu. Ndiyo maana siku ya pili unakuta chupa ina maji ambayo hukuyatia wewe. Maji hayo ni ya chumvi na ni makali kwa tindikali ya ndimu yenyewe.

Jambo la pili ni ganda kulainika. Ganda la ndimu limeshikana kwa kitu kinachofanana na gundi, kile kile kinachofanya jemu igande. Tindikali, chumvi na joto huilegeza gundi hiyo kidogo kidogo. Kazi hii haina njia ya mkato isipokuwa moto, na tutaufikia huko mbele.

Jambo la tatu ni uchungu kutulia. Ndimu ina uchungu kwenye ganda, kwenye ule utando mweupe chini ya ganda, na zaidi kwenye mbegu. Mwanzoni uchungu umekaa mahali pamoja, kwa hiyo ukitafuna kipande unakuvamia wote. Wiki zikipita, sehemu yake hutoka na kuenea kwenye maji yote ya chupa. Chumvi nayo, ikishaingia ndani ya ganda, huufanya ulimi usiusikie uchungu sana. Uchungu hauondoki wote, na achari nzuri haitakiwi kukosa uchungu kabisa. Hupoa tu na kuchanganyika na ladha nyingine.

Jambo la nne ni viungo kuingia. Pilipili, uwatu, haradali, uzile, manjano na kitunguu thomu havitoi ladha yake siku moja. Siku za kwanza unasikia kila kimoja mbali mbali. Baadaye vinakuwa ladha moja.

Kwa ndimu, kazi kubwa hufanywa na chumvi, tindikali, joto na muda. Vijidudu vina sehemu ndogo, kwa sababu ukali wa ndimu na chumvi nyingi haviviachii nafasi. Kwa embe mbichi na mboga zenye chumvi ya wastani mambo ni tofauti kidogo: huko kuna bakteria wasio na madhara wanaokula sukari na kutoa tindikali, kama wale wanaogandisha maziwa ya mtindi. Hao ndio wanaotoa mapovu madogo unayoyaona siku za mwanzo.

Kwa nini hapa kwetu huwa haraka kuliko vitabu vinavyosema

Mapishi mengi yanayozunguka kwenye simu yametoka nchi zenye baridi. Ukisoma kwamba achari ikae miezi mitatu, huenda aliyeandika anaishi mahali ambapo jikoni kuna nyuzijoto 15. Pemba joto la mchana liko kati ya nyuzi 25 na 32 sehemu kubwa ya mwaka. Kwa makadirio ya kawaida ya wataalamu wa kemia, joto likipanda kwa nyuzi 10, mabadiliko ya aina hii huenda karibu mara mbili kwa kasi.

Maana yake ni mbili. Ya kwanza, achari yako itafika mapema. Ya pili, ambayo watu huisahau, itachoka mapema pia. Joto lile lile linalolainisha ganda ndilo linalopausha rangi ya pilipili na kuharibu mafuta.

Msimu nao una sehemu yake. Achari iliyotiwa wakati wa kaskazi, jua likiwa kali, inaweza kufika ndani ya wiki nne. Iliyotiwa wakati wa kipupwe inaweza kuhitaji wiki sita au zaidi. Ya wakati wa masika ina tatizo jingine: hewa ni ya unyevu, jua ni la kubahatisha, na ukungu hupata nafasi kwa urahisi.

Kila achari na muda wake

Hapa tumeweka muda wa kukadiria kwa achari zinazotengenezwa sana majumbani, kwa joto la kwetu. Uchukulie kama mahali pa kuanzia kuonja.

*Ndimu mbichi zilizokatwa na kutiwa chumvi:* anza kuonja wiki ya nne. Huwa nzuri zaidi kuanzia mwezi wa pili hadi wa sita. Ikiwa imehifadhiwa vizuri hufika mwaka mmoja, ila rangi huwa ya kahawia na ganda hulegea sana.

*Ndimu zilizochemshwa kwanza:* ukizichemsha nzima kwa dakika 5 hadi 10 mpaka ganda libonyee, ukazikausha vizuri kisha ukazikata na kutia chumvi, zinalika baada ya wiki moja au mbili. Ni njia ya mwenye haraka. Hasara yake ni kwamba harufu ya ganda hupungua, na achari haidumu kama ile ya mbichi.

*Embe mbichi kwa chumvi, viungo na mafuta:* wiki mbili hadi nne. Embe ngumu, ambazo hazijaanza kuwa na rangi ya njano ndani, hudumu zaidi. Embe iliyoanza kuiva hulainika upesi na kuwa uji.

*Embe zilizoanikwa juani siku moja au mbili kabla ya kutiwa viungo:* wiki mbili. Hudumu kuliko embe mbichi kwa sababu maji yake yamepungua.

*Achari ya kupika, ya embe na sukari au ya nyanya:* hii haihitaji kusubiri. Ipoe tu, au ikae siku mbili tatu viungo viingie. Lakini usiichanganye na achari ya chumvi kwa upande wa kudumu. Ukishaifungua iweke kwenye friji, na kama huna friji tengeneza kidogo kidogo.

*Pilipili kwa chumvi na ndimu au siki:* wiki moja hadi mbili.

*Karoti, tango au kitunguu kwenye siki:* siku tatu hadi wiki moja. Hizi hazipati faida ya kukaa sana, kwani tango na kitunguu hupoteza ule mlio wake mdomoni.

Utaona kwamba muda mrefu ni wa kitu chenye ganda gumu na uchungu. Kitu kilicho laini tangu mwanzo hakina cha kusubiri. Hilo ndilo swali la kwanza la kujiuliza mbele ya chupa yoyote: kuna nini humu ambacho muda utakirekebisha? Kama hakuna, kula au uza mapema.

Dalili kwamba imefika

Tarehe hukwambia lini uanze kuonja. Kuamua, tumia macho, pua, vidole na ulimi.

Kwanza, angalia ganda. Ndimu mbichi ina ganda la kijani au njano linalozuia mwanga. Ikifika, ganda huwa la kahawia hafifu na kama linapitisha mwanga ukiliinua juani.

Pili, bonyeza. Chukua kipande, ukiminye kati ya kidole gumba na cha shahada. Kikigawanyika bila kutumia nguvu, kimefika. Kikirudi kama mpira, bado.

Tatu, tazama maji. Yale ya mwanzo ni mepesi kama maji ya ndimu. Yakifika huwa mazito na kushika kijiko.

Nne, nusa. Mwanzoni harufu ya ndimu na ya viungo husikika mbalimbali. Ikifika ni harufu moja.

Tano, onja kipande chenye ganda na utando mweupe, usionje maji peke yake. Maji huwa matamu mapema na huwadanganya wengi. Ndiko alikoteleza msikilizaji wetu: alionja maji siku ya kumi, yakampendeza, akauza.

Chupa za kuonjea

Kuna njia rahisi ya kujua muda wa achari yako mwenyewe, kwa ndimu zako na mahali unapoiweka. Siku ya kutengeneza, jaza chupa ndogo tano pembeni na ziandike namba. Ya kwanza ifungue wiki ya pili, ya pili wiki ya nne, ya tatu wiki ya nane, ya nne mwezi wa tatu, ya tano mwezi wa sita. Kila ukifungua andika kwenye daftari au kwenye simu maneno machache: ganda likoje, uchungu ukoje, rangi ikoje.

Sababu ya kutumia chupa ndogo badala ya kuonja kutoka chupa kubwa ni kwamba kila ukifungua unaingiza hewa na unyevu. Chupa iliyofunguliwa mara kumi haifanani tena na zile unazotaka kuuza.

Baada ya mwaka mmoja utakuwa na kumbukumbu ambayo huipati kitabuni. Utajua, kwa mfano, kwamba ndimu za mti wa nyuma ya nyumba, zenye ganda jembamba, hufika wiki ya nne, na zile kubwa za kununua sokoni Chake zinataka wiki saba.

Mambo yanayobadilisha muda

*Unene wa ganda.* Ndimu ndogo zenye ganda jembamba hufika mapema. Malimau yenye ganda nene yanaweza kuchukua mara mbili ya muda huo.

*Ukubwa wa vipande.* Ndimu iliyokatwa mara nane hufika kabla ya iliyokatwa mara nne. Usichanganye ukubwa katika chupa moja, maana vingine vitakuwa vimeyeyuka huku vingine vikiwa vigumu.

*Mbegu.* Zitoe zote unazoweza. Uchungu wa mbegu hauishi hata ukisubiri mwaka.

*Chumvi.* Kwa kilo moja ya ndimu, gramu 120 za chumvi ni kiwango kizuri. Kama huna mizani, ni karibu vijiko 7 vya mezani vya chumvi ya unga, vilivyosawazishwa. Chumvi ikipungua sana, ukungu hukaribishwa. Ikizidi sana, achari hudumu lakini haiuziki.

*Jua.* Wiki ya kwanza kuiweka chupa juani kutwa, ukiitikisa mara mbili kwa siku, husaidia kulainisha. Baada ya hapo ihamishie kivulini. Mwanga mwingi hupausha rangi.

*Mafuta na viungo.* Ni bora kuvitia ndimu ikishalainika, yaani wiki ya tatu au ya nne, kisha uipe wiki moja au mbili nyingine. Pasha mafuta, yaache yapoe, ndipo uyamimine. Mafuta yakitiwa siku ya kwanza hukaa muda mrefu bila sababu na huanza kuharibika kabla ndimu haijafika.

Usalama: wapi pa kusubiri na wapi pa kumwaga

Muda huboresha achari iliyotengenezwa sawasawa. Hauwezi kuiponya iliyotengenezwa vibaya. Tafadhali zingatia haya.

Bakteria hatari zaidi katika vyakula vya kufungiwa ni wale wanaotoa sumu ya botulizimu, ambayo hushambulia mishipa ya fahamu na inaweza kuua. Haionekani wala hainuki. Bakteria hao hawakui kwenye chakula chenye ukali wa kutosha, yaani pH ya chini ya 4.6. Maji ya ndimu yana pH ya kati ya 2 na 3, kwa hiyo achari ya ndimu ina kinga yake yenyewe. Kitunguu thomu, karoti na maharage machanga havina ukali huo. Ukivitumbukiza kwenye mafuta peke yake na kuvifunga, unatengeneza mahali pasipo na hewa na pasipo na tindikali, nyumba nzuri kwa sumu hiyo. Viloweke kwanza kwenye maji ya ndimu au siki, na vibaki humo. Siki iwe ya asilimia 5, na usiipunguze kwa maji zaidi ya nusu kwa nusu.

Kamwe usiongeze maji ya kawaida kwenye achari iliyopungua maji. Kamua ndimu nyingine uongeze. Vipande vyote viwe chini ya maji yake. Kinachoelea juu ndicho kinachoota ukungu.

Utando mweupe, laini na mwembamba juu ya maji mara nyingi ni aina ya hamira ya hewani. Hauna sumu, lakini ni onyo kwamba hewa inaingia au chumvi ni kidogo. Manyoya ya kijani, meusi au ya waridi ni ukungu. Hapo mwaga chupa yote. Usikwangue juu ukala chini, kwa sababu ukungu hula tindikali na kupunguza ule ukali uliokuwa unalinda chakula.

Mapovu siku za mwanzo kwenye achari ya embe ni kawaida. Legeza kifuniko mara moja kwa siku hewa itoke. Lakini chupa iliyokaa kimya mwezi mzima kisha kifuniko kikavimba, au ikarusha maji ukiifungua, isionjwe. Harufu ya rangi ya mafuta au ya mafuta ya kukaangia ya zamani maana yake mafuta yamechacha. Kitunguu thomu kikigeuka kijani au buluu ndani ya ndimu, usiogope: hiyo ni rangi tu inayoletwa na tindikali.

Tumia chupa za kioo, zilizochemshwa na kukaushwa kabisa. Sufuria ya aluminiamu na vifuniko vya bati vilivyochubuka huliwa na tindikali na chumvi, na chuma hicho huishia kwenye chakula. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa, rangi au dawa ya shamba lisitumike hata likioshwa mara mia. Kijiko kiwe kikavu kila mara.

Kusubiri kuna gharama

Kwa anayekula nyumbani, kusubiri ni uvumilivu tu. Kwa anayeuza, kila chupa iliyo chini ya kitanda ni fedha iliyolala.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme umetumia shilingi 60,000 kwa ndimu, chumvi, viungo, mafuta na chupa 30. Kila chupa imekugharimu shilingi 2,000. Ukiiuza 3,000, faida ni 30,000. Ukiuza zote wiki ya sita, mtaji umekaa mwezi mmoja na nusu. Ukisubiri miezi sita ili achari iwe bora zaidi, mtaji huo huo umekaa mara nne zaidi, na ili ufidie itabidi bei ipande. Je, mteja wako atalipa 4,000 kwa sababu imekaa miezi sita? Kama hatalipa, ubora huo ni zawadi unayompa bure.

Wengi wataona njia ya katikati inawafaa: kutengeneza kwa mafungu. Fungu la kwanza liuze wiki ya sita lirudishe mtaji. Nusu ya chupa za fungu la pili ziache mpaka mwezi wa tatu kwa wateja wanaojua tofauti. Kila mwezi uwe na fungu linaloingia na fungu linalotoka.

Panga pia kwa kurudi nyuma kutoka siku ya mauzo. Mahitaji ya ndimu na achari hupanda Ramadhani, na bei ya ndimu hupanda nayo. Ramadhani hutangulia kwa siku 10 au 11 kila mwaka kwa kalenda ya kawaida, kwa hiyo tarehe ya mwaka jana haikufai. Ukitaka achari iwe tayari mwezi mosi wa Ramadhani, hesabu miezi miwili nyuma na ununue ndimu zako wakati huo, zikiwa bado rahisi. Hapo kusubiri kunakulipa mara mbili: achari imefika, na ndimu hukuzinunua kwa bei ya Ramadhani.

Ukitaka kuvuka kutoka kuuza kwa jirani hadi kuweka dukani kwa jina lako, andika kwenye kila chupa tarehe ya kutengeneza na tarehe ya mwisho ya kutumia, na pata maelekezo ya Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ZFDA, kuhusu usajili wa chakula kilichofungashwa.

Je, ikikaa zaidi inazidi kuwa nzuri?

Hili ndilo sehemu ya pili ya swali, na ndipo watu wengi hubishana. Kuna nyumba ambazo chupa ya achari ya bibi huwekwa miaka na kusifiwa. Ni kweli kwamba achari yenye chumvi ya kutosha, isiyofunguliwa, inaweza kulika baada ya mwaka na zaidi. Lakini kulika si sawa na kuwa bora.

Mwanzo kuna kupanda: uchungu unatulia, ganda linalainika, viungo vinaungana. Kisha kuna uwanda, ambapo kwa miezi kadhaa mabadiliko ni madogo. Kisha kuna kushuka: pilipili inapoteza rangi na harufu, ganda linakuwa uji, mafuta yanachacha, na unabaki na chumvi na ukali. Vitamini C nayo hupungua kadiri siku zinavyopita. Ndimu mbichi ni chanzo kizuri cha vitamini hiyo, lakini usiitegemee achari ya mwaka kwa kazi hiyo.

Mkulima wa karafuu analijua somo hili kuliko yeyote. Karafuu ikichumwa changa haina uzito. Ikiachwa mtini mpaka ichanue, thamani imeondoka. Kati ya hapo kuna siku zake. Mvumilivu hula mbivu, lakini mbivu nayo ikingojwa kupita kiasi huoza.

Neno kuhusu afya

Achari ni kitoweo cha kuonjesha, si mboga. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Kijiko kimoja cha mezani cha achari iliyotengenezwa kwa kiwango tulichotaja kinaweza kuwa na gramu 2, yaani zaidi ya thuluthi moja ya chumvi ya siku nzima. Mwenye shinikizo la damu au maradhi ya figo aile kwa uangalifu na aulize kituo cha afya. Mwenye vidonda vya tumbo huenda ikamchoma.

Kwa ufupi

Kata vipande sawa, toa mbegu, tia gramu 120 za chumvi kwa kilo. Wiki moja juani, kisha kivulini. Wiki ya nne bonyeza ganda na uonje kipande kizima. Kikirudi kama mpira, funga tena uonje baada ya wiki mbili. Kikigawanyika, tia viungo na mafuta, subiri wiki moja au mbili, uze. Weka chupa chache za kufungua mwezi wa tatu na wa sita ili ujue kilele cha achari yako. Ukiona manyoya au kifuniko kimevimba, mwaga bila kuonja.

Msikilizaji wetu wa Vitongoji ametuambia sasa anaandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito kwenye kila chupa, na hauzi yoyote kabla ya wiki ya sita. Wale wateja watano waliorudisha chupa, wanne wamerudi kununua. Wa tano, anasema, bado anamsubiri.